Maswali yenu: Batman kapigika, Spider-Man ana watoto

Komiki mpya za Marekani zimewagawa wasomaji safari hii, barua nyingi ni za kulalamika, haya twende.

Mhariri salaam. Kila mtu anaisifia Absolute Batman, mi nimesoma toleo la kwanza naona ni Batman yule yule, wamemnenepesha misuli tu. Kipya nini hapo? – Mdau wa Tabata

Kaka, kwenye misuli sikubishii, Nick Dragotta kamchora jamaa mpana kama kabati la maharusi. Ila ukiishia kwenye mwili umeacha utamu wote. DC, kampuni inayochapisha Batman, walipoianzisha hii Oktoba 2024, mwandishi Scott Snyder alimnyang'anya Batman hela. Hana jumba wala urithi, baba yake alikuwa mwalimu tu, akauawa kwenye bustani ya wanyama alikowapeleka wanafunzi matembezi, mama bado yupo hai, Bruce mwenyewe ni injinia wa mji. Alfred naye si mtumishi wa kuleta chai, ni jasusi wa Uingereza. Sasa mi yule Batman wa zamani alikuwa ananikera kidogo, tajiri anashuka usiku kupiga vibaka wa uswahilini halafu anarudi kulala kwenye mashuka ya hariri, na hakuna anayemuuliza kitu.

Huyu wa sasa kakulia mtaani na kina Waylon, Oswald, Harvey, Edward na Selina, yaani wale wale tuliozoea kuwaona maadui zake, hapa ni washkaji wanakaa wanacheza karata, na we msomaji unajua majina hayo huwa yanaishia wapi, kwa hiyo hata ukurasa usio na ngumi unausoma roho juu. Halafu cheki nembo ya popo kifuani, anaing'oa, anaitia mpini, inakuwa shoka! Masikio ya kofia ni visu. Mtu asiye na hela, kila alichovaa lazima kipige kazi. Na Joker, adui yake mkubwa, ndo tajiri safari hii.

Kasoro ipo, Snyder anapenda sana kuongea, kuna kurasa vijisanduku vya maneno vinaibana picha mpaka unatamani anyamaze. Usihukumu kwa toleo moja lakini, tafuta kitabu cha The Zoo kilichotoka 2025, kina matoleo 6 ya kwanza.

Mwanangu ana miaka 11 anang'ang'ania Absolute Wonder Woman, nimnunulie? – Mama Wawili, Arusha

Dada, subiri kwanza. Ni nzuri mno, Kelly Thompson na Hayden Sherman walibeba tuzo ya Eisner, ile kubwa ya komiki Marekani, ya mfululizo mpya bora 2025 na walistahili, ila huyu Diana, ndo Wonder Woman mwenyewe, hakulelewa kwenye kisiwa cha Waamazoni, wale wanawake wapiganaji, kalelewa kuzimu na mchawi Circe. Farasi wake ni mifupa yenye mabawa. Kuna madude ya kutisha na kuna jambo linatokea kwenye mkono ambalo sitalisema hapa. Kinachonigusa ni kwamba huyo Circe alibebeshwa mtoto asiyemtaka, na bado kalea binti mpole mwenye adabu zake. Isome wewe kwanza, ukimaliza utajua mwenyewe kama mtoto aisome sasa au akue kidogo.

Spider-Man wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto? Mbona wamemzeesha hivyo? – Kijana wa Kisauni

Ndugu yangu, subiri uoe ndo urudi kuniuliza hili. Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na mchoraji Marco Checchetto ilianza Januari 2024, Peter, ndo Spider-Man mwenyewe, aliporwa bahati yake ujanani, ile ya kuumwa na buibui wa kumpa nguvu, nguvu zinamkuta ana Mary Jane nyumbani na watoto wawili, na wa kwanza kumjua siri yake ni binti yake mdogo. Ben, mjomba wake, yupo hai, yeye na mwanahabari mwenzake Jonah Jameson wanaacha kazi wanaanzisha gazeti lao, na mi hizo kurasa za wazee wawili wanabishana nazipenda kuliko mapigano. Toleo la 4 karibu lote ni watu wanne mezani wanakula, Peter na mkewe, na wanandoa wengine Harry na Gwen, wanachekeana huku kila upande unaficha jambo. We lisome hilo halafu uniambie kama umechoka.

Na Ultimate Black Panther je? – Msomaji, Kampala

Hiyo imenichosha. Picha za Stefano Caselli tamu, na wazo la Khonshu na Ra, wenye majina ya miungu ya Misri ya kale, kuitawala Afrika si baya, lakini mwandishi Bryan Hill hajamwondolea T'Challa, ndo Black Panther mwenyewe, kitu, bado mfalme, bado kasri, bado mitambo yote, sasa mimi nihofie nini? Wakitokea Killmonger na Storm ndo stori inaamka kidogo. Azima kwa mtu, usinunue.