Barua kwa mwanangu: kotabeki ambaye hajaiva

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kwamba swali hili umeniletea mimi. Unauliza kama Indianapolis Colts, timu ya mpira wa Kimarekani, walikosea kumpa Anthony Richardson nafasi ya kuanza kama kotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akiwa bado mbichi, na kama kijana wa namna hiyo, mwenye mkono wa nguvu na miguu ya kasi lakini ambaye pasi zake nyingi hazimfikii mlengwa, anastahili kuongoza timu ya watu wazima. Jibu langu ni kwamba anastahili, ila kwa sharti moja: wanaompa nafasi hiyo wawe wamekubaliana tangu mwanzo kuyavumilia makosa yake, wala wasigeuke msimu ukiwa katikati.

Kumbuka alikotoka. Katika uteuzi wa kila mwaka ambao timu za ligi huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, alichaguliwa wa nne mwaka 2023, ilhali katika Chuo Kikuu cha Florida alikuwa ameanza mechi 13 tu. Hakupungukiwa kipaji, alipungukiwa mechi. Kotabeki ana muda mfupi mno wa kuisoma safu ya ulinzi, kutambua nani anakuja kumwangusha na kuamua mpira uende kwa nani, na ujuzi huo haukamiliki mazoezini, kwa kuwa mazoezini kotabeki haguswi. Wanaosema akae benchi hadi aive wanasahau jambo hilo. Hata hivyo, namna ya kukanyaga na kurusha ni jambo jingine, kwa sababu hilo hurekebishwa polepole msimu ukiwa umefungwa, chini ya walimu wasiobadilishwa kila mwaka. Samaki mkunje angali mbichi.

Mfano ninaouamini zaidi ni wa Josh Allen. Buffalo Bills walimchagua wa saba mwaka 2018, na watu wengi walimwona hajui kulenga. Mechi ya kwanza alianza kotabeki mwingine, Nathan Peterman, wakafungwa 47 kwa 3 na Baltimore, na wiki iliyofuata kijana akapewa timu. Mwaka huo pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8, mwaka uliofuata 58.8, na mwaka 2020 zikawa 69.2. Mechi peke yake hazikumfikisha huko. Brian Daboll aliongoza mashambulizi miaka yote mitatu, Allen mwenyewe akafanyia kazi urushaji wake kila msimu ulipofungwa, na mwaka 2020 klabu ikamletea Stefon Diggs, mpokeaji hodari kabisa. Hayo yote yanahitaji uongozi usiotishwa na kelele za Jumapili moja.

Sasa mtazame Richardson. Mwaka 2023 aliumia bega katika mechi yake ya nne na kufanyiwa upasuaji, kwa hiyo mwaka aliokusudiwa kujifunza ulipotea karibu wote. Aliporudi mwaka 2024, pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 47.7, na zile zilizonaswa na wapinzani zilikuwa 12 dhidi ya nane zilizozaa alama za mguso, yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Mwezi Oktoba, mjini Houston, alikamilisha pasi 10 kati ya 32, na katikati ya mechi akaomba kutoka uwanjani kwa shambulizi moja tu akisema amechoka. Hilo simtetei, kwa sababu bidii haisubiri umri, na wenzake waliokuwa wakiumia kwa ajili yake walikuwa na haki ya kukasirika. Alistahili kukemewa mbele yao. Lakini kumwondoa na kumweka kotabeki Joe Flacco mwenye miaka 39 hakukuwa dawa: Flacco alianza mechi mbili, zote wakashindwa, kisha wakamrudisha kijana yuleyule, naye akawafunga New York Jets 28 kwa 27, akiingia na mpira mwenyewe kwa alama za ushindi. Walichompokonya ni uhakika wa kukosea na kujaribu tena, na kijana asiye na uhakika huo hurusha mpira akiwa na hofu.

Najua utanitajia Patrick Mahomes wa Kansas City, ambaye mwaka 2017 alikaa nyuma ya kotabeki mzoefu Alex Smith, akaanza mechi moja tu, kisha mwaka 2018 akarusha pasi 50 za mguso. Ni kweli, lakini Kansas City walikuwa na timu iliyokuwa ikishinda na mzee aliyekubali kumfundisha. Colts nao mwaka 2023 walikuwa na kotabeki mwingine, Gardner Minshew, aliyeifikisha timu kwenye ushindi wa mechi tisa. Ningekuwa mimi, Minshew angeanza mwaka ule, Richardson angeingizwa kwa mashambulizi machache yanayofaa miguu yake, na mwaka 2024 ungekuwa wake kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho, hata kwa asilimia 47. Kwa hiyo uamuzi wa Agosti 2025 wa kumpa kotabeki Daniel Jones nafasi hiyo siulaumu sana, maana Jones alikuwa thabiti zaidi kambini. Ninaoulaumu ni ule wa Oktoba 2024.

Wasalimie wote hapo, na uniandikie unavyoona wewe.

Akupendaye,
Mama yako