Ufa wa upande wa ndani: badilisha sensa, si amplifaya

Ndugu, umesema proubu (kichunguzi) yako ya koili inaona ufa wa juu kwenye bamba la alumini la boti, lakini ule wa upande wa ndani, milimita 6 chini, hauonekani hata baada ya kuongeza amplifaya ya pili. Kazi hii naifanya kwenye boti za hapa Mombasa. Achana na amplifaya.

Mikondo ya edi, yaani mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya bamba ikichochewa na koili, huishia karibu na uso frikwensi ikiwa juu. Kwa alumini ya daraja la 5083, inayotumika sana kwa boti, 10 kHz hupenya kama milimita 1.2 tu, 125 Hz hufika karibu 11. Lazima ushushe frikwensi. Tatizo ni kwamba koili huhisi kasi ya uga sumaku kubadilika: frikwensi ikipungua mara 80, volti nayo hupungua mara 80, ukabaki kukuza kelele. Sensa ya AMR au GMR, ambayo ukinzani wake hubadilika kufuata uga sumaku, husoma uga wenyewe, hata uliotulia.

Ilaze sensa sambamba na bamba, katikati kabisa ya koili ya kusukumia, ile inayochochea mikondo kwenye bamba. Uga wa koili hapo umesimama wima, sensa haiuoni. Ufa ukivuruga mikondo, ndipo ishara inapotokea. Mpangilio huu una faida kuliko saketi yoyote ya bei ghali.

Hatua ya kwanza usikuze sana. Uga sumaku wa dunia hapa kwetu ni kama maikrotesla 30, na sensa ya HMC1001 (aina ya AMR) kwa volti 5 hutoa karibu milivolti 5 kwa huo peke yake. Ukikuza mara 1000 moja kwa moja, amplifaya imeshagonga dari. Kuza mara 20, pitisha kwenye kapasita izuie volti hiyo iliyotulia, kisha endelea.

Halafu zidisha ishara na nakala ya wimbi la kusukumia, moja sawia na nyingine iliyochelewa nyuzi 90, uchuje vizuri ili kelele zitoke; matokeo hayo mawili hukupa ukubwa wa ishara na pembe yake. Nimekutajia 125 Hz kwa sababu iko katikati ya 100 na 150, mbali na mazao ya umeme wa 50 Hz, yaani vizidisho vya 50. Tumia betri, na bodi uipake vanishi, chumvi ya pwani haina huruma.

Kabla ya kwenda kwenye boti, kata mfereji kwa msumeno nyuma ya kipande cha alumini ileile, unene uleule, kikiwa na rangi juu. Rangi ikibadilika unene, pembe ya ishara huhama. Ijue pembe hiyo kwanza, uitofautishe na ya ufa.

Tuma mchoro wa saketi yako nikuangalizie rezista.