Mkuu, kabla hujabandika hiyo karatasi kwenye kabati la kona

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema umeshanunua karatasi ya gundi na unataka kuibandika kwenye trei za kabati lako la kona linalozunguka, ukiikunja mpaka chini ya kingo "ili ipendeze". Irudishe dukani. Wakikataa, funikia madaftari ya watoto.

Maneno hayo hayo niliuziwa mimi. Muuzaji alinihakikishia, kifua mbele, eti nikunje ukingo nibandike kwa chini, haitoki kamwe. Haitoki! Trei ya kuzunguka unaisukuma kwa kushika ukingo, na vidole vya jikoni vina maji na mafuta. Gundi inaanza kulegea pale pale, ncha inainuka, na upenyo kati ya trei na ubavu wa kabati ni mwembamba. Ncha ya kwangu ikajipenyeza humo, trei ikagoma, nami nikaisukuma kwa hasira. Kishikizo cha plastiki kinachobana trei kwenye nguzo ya katikati kikapasuka. Trei ya juu ikalala upande na kila kilichokuwa juu yake kikateremkia nyuma kabisa, kule ambako aliyebuni kabati lile sidhani kama aliwahi kuingiza mkono. Chupa ya mafuta ilikuwa miongoni mwa marehemu. Kishikizo chenyewe hakikuuzwa peke yake, ikabidi ninunue seti nzima, nguzo na trei zake, kisa karatasi ya maua. Yule muuzaji nilipomrudia akaniuliza kama nilibandika vizuri. Nilitoka dukani kimya, kwa usalama wake.

Kinachozunguka hakibandikwi. Basi.

Tafuta mkeka wa mpira wenye vitundu, usio na gundi. Tandaza gazeti juu ya trei, chora umbo lake, likate liwe kipimo cha kukatia mkeka, kisha kwenye mkeka kata mpasuo mmoja kutoka ukingoni hadi kwenye nguzo ili mkeka uizunguke, halafu punguza kama nusu sentimita pande zote usifike ukingoni. Hauhitaji kushikizwa, vyombo vyenyewe vinaukandamiza. Ukichafuka unautoa, unaosha, na unaukausha kabisa kabla ya kuurudisha, hasa kama trei ni za mbao za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi (chipboard), maana unyevu ukikaa chini zinavimba.

Kama ulishabandika kipande cha majaribio (nawajua nyie), kipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, vuta taratibu kuanzia pembeni. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kula kidogo, iache ilainike, futa, osha kwa sabuni. Thina usiguse, inaharibu plastiki.

Mafuta ya kula yaishie hapo, usiyatie kwenye beringi, kile kifaa kinachoizungusha trei, ili kuondoa kelele ya trei inapozunguka. Yanakuwa ulimbo na kunasa vumbi. Kaza skrubu kwanza, kelele ikiendelea pulizia silikoni ya kulainishia.

Ukishatandika, zungusha trei tupu mzunguko mzima. Mkeka ukigusa popote, kata tena.