Kona ya Mfuko: "Bajeti ni ya serikali," mzee wangu anasema

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, pesa huenda wapi. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nimewahi kuishi ndani yake, hizo zingine mtanivumilia.

SWALI: Hujambo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Manyatta hapa Kisumu. Nafanya kwa duka la dawa, nalipwa elfu 18 mwisho wa mwezi, mzee wangu ni wa boda analeta ya kila siku, siku nzuri mia nane, siku mbaya mia mbili, na kuna siku analeta stori tu. Nyumba ni elfu 6. Hatunywi pombe, hatuna makuu, lakini ikifika tarehe 14 hivi nishaanza kuchukua unga kwa deni. Januari nilijaribu kuandika bajeti kwa simu, chakula hii, nauli hii, nikaweka ata rangi, siku ya nne ikaharibika nikaachana nayo. Nikimwambia mzee tukae chini tupange ananiambia bajeti ni ya serikali, husomwa bungeni mwezi wa sita. Nianzie wapi? Mama Wawili, Manyatta.

JIBU: Mama Wawili, mwambie mzee ata hiyo ya mwezi wa sita huwa haiwatoshi, wanarudi bungeni na ya nyongeza.

Sasa wewe. Mwezi huu usipange bajeti yoyote. Ile yako ya Januari haikuharibika siku ya nne, ilizaliwa imeharibika, kwa sababu zile namba ulizitoa kwa kichwa. Pengine uliandika chakula elfu nane maana elfu nane inasikika vizuri, si kwa sababu umewahi kuhesabu. Karibu kila mtu hufanya hivyo, mimi nilifanya mara tatu. Kwa hivyo mwezi mzima kazi yako ni kuandika kenye kimetoka, basi, usijikanye, usijilaumu, ukinunua smokie andika smokie.

Mimi nilianza mwaka wa 2024 tukikaa Kaptembwa, Nakuru, chumba kimoja. Nilichukua daftari ya shule ya mtoto iliyobaki kurasa kama ishirini, nikaitoboa kona, nikaifunga kamba pamoja na biro, nikaitundika kwa msumari pale juu ya jiko. Huo msumari usiuone mdogo. Daftari ikikaa kwa droo utaandika siku mbili, lakini ikiwa inakugonga kichwa ukikoroga ugali, utaandika tu.

Ukurasa mmoja ninao mpaka leo, ni Jumanne: nyanya 20, kitunguu 10, sukuma 20, mafuta ya kupima 30, makaa kopo 70, maziwa 30, mandazi 20, kredo 20, boda 50, kutoa 29. Piga hesabu, ni 299. Hapo hakuna kitu cha kuonea aibu, hakuna anasa, na bado ni mia tatu imeenda na nyama hatujaiona.

Lakini angalia hiyo 29 ya mwisho, hiyo ndiyo ilinitoa usingizini. Kutoa mia tano kwa ejenti wa M-Pesa ni shilingi 29, na kutoa 2,500 pia ni 29. Mimi nilikuwa natoa mia tano mia tano kama mtu anakula njugu karanga, nikidhani najibana, maana nilijiambia nikitoa kidogo nitatumia kidogo. Mwezi ule nilihesabu nimetoa mara 17. Zidisha uone, ni 493, hiyo ni pakiti kama tatu za unga nimempea hewa. Sasa natoa mara moja kwa wiki, naigawa kwa bahasha, na pale penye kuna Till, ile namba ya duka ya kulipia kwa M-Pesa, nalipa kwa simu kwa sababu mwenye kununua hakatwi.

Kitu cha pili daftari ilinionyesha ni mafuta. Siku moja nilichukua chupa ya soda ya nusu lita nikawa kila nikitoka kupimiwa mafuta ya 30 namimina humo. Vipimo sita, yaani 180, na ilikuwa haijafika shingoni. Wiki hiyo hiyo chupa ya nusu lita kwa supamaketi ilikuwa chini ya hapo kama kwa thelathini hivi. Usiamini hesabu yangu, bei zinapanda na kushuka, fanya hiyo ya chupa mwenyewe na mwenye duka wako.

Hapa nataka kusema kitu kwa sababu watu wa kufundisha pesa hupenda kuwacheka watu wa kadogo, wale wa kununua kidogo kidogo kila siku. Mtu mwenye amepata mia mbili ya leo hawezi kununua lita, si ujinga, ni hesabu. Kenye unaweza ni kutoa kitu kimoja tu kwa kadogo kila mwezi. Mshahara ukiingia, kabla ya kitu kingine, nunua mafuta ya mwezi mzima. Mwezi unaofuata, zile shilingi 30 za kila siku hazitoki tena, sasa ongeza sabuni. Alafu sukari. Mimi ilinichukua kama miezi sita kumaliza, na majani chai mpaka leo nanunua ya kumi kumi, sijui kwa nini, nadhani ni mazoea tu.

Tukuje kwa mzee. Usimwite kwa kikao, wanaume wa boda wameshakaa vikao vya kutosha kwa steji. Na usimwambie akupe mshahara wa mwezi kwa sababu hana mwezi, ana siku. Mpee kitu kimoja kiwe chake: nyumba. Elfu 6 ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 231, sema 250. Kila jioni kabla hajavua helmeti, 250 inaingia mahali pa kufungiwa, iwe ni M-Shwari, akiba ya kwa simu, ile ya kulock, ama chama ya steji yao, mradi isikae kwa laini ya kawaida. Akifanya siku 26 ni 6,500, kwa hivyo ile siku ya stori tu imeshafidiwa na hiyo 500 ya juu, ile ya mia mbili nayo atatoa kenye anaweza aongezee siku ya mia nane. Muulize pia hiyo mia nane ni kabla ama baada ya petroli. Uliza polepole. Nyumba nyingi za boda zinaona pesa nyingi kumbe zinaona petroli ya kesho na oili ya pikipiki, siku injini ikidai haki yake ndio kelele inaanza.

Kitu cha mwisho kwako, na hukukiandika kwa barua lakini wewe ni wa huku kwetu kwa hivyo najua kiko. Matanga. Uko kwa grupu ngapi za WhatsApp za mchango? Hizo bajeti za vitabu hazina laini ya matanga, zina laini ya likizo! Watu husema matanga huwezi kuipangia kwa sababu haipigi hodi. Kweli haina tarehe, lakini wastani iko nayo. Itisha stetimenti ya M-Pesa ya miezi mitatu, kwa app ama *334#, inakuja kwa imeili, ifungue na kalamu nyekundu mkononi, uweke alama kila mchango: matanga, hospitali, ruracio (mahari) ya binamu, kila kitu. Jumlisha, gawa kwa tatu. Ikikuja 1,400, basi mchango wako wa mwezi ni 1,400 na unauweka kando mapema kama nyumba. Ikiisha tarehe 20 na grupu nyingine ifunguliwe, unaandika "poleni sana familia, nitafika kwa mazishi" na unafika, unaosha vyombo. Hakuna mtu amewahi kumfukuza mwenye anaosha vyombo.

Mwisho wa mwezi, hiyo daftari ikijaa, ndio sasa ukae uandike bajeti. Utaiandika kwa dakika ishirini kwa sababu namba zote ziko hapo. Mzee naye atakuja kuangalia, nakuhakikishia, kwa sababu jina lake liko hapo kila siku na 250 yake.

SWALI: Anti mambo. Niko Free Area Nakuru, single, napata kama elfu 27 hivi kwa mwezi. Shida yangu ni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, mshahara ukiingia inakula yake kwanza nabaki na kidogo, wiki mbili nimerudi tena. Alafu token za stima, mbona 200 ya saa hii inanipa yuniti kidogo kuliko ya mwezi ule mwingine? Kijana wa Free Area.

JIBU: Kijana, unachanganya kukopa na kuwa na pesa. Fuliza inakata asilimia moja ukichukua, alafu kuna ada ya kila siku kadiri deni linavyokaa, na wewe deni lako linakaa wiki mbili kila mwezi. Andika hiyo ada kwa daftari kama matumizi, kama vile ungeandika nyama. Ukiona mwezi mmoja imekula kiasi gani utakasirika, na hasira hapo ni kitu kizuri. Usijaribu kuiacha siku moja, utaanguka. Mwezi huu ukope pungufu kwa elfu moja, mwezi ujao pungufu kwa elfu nyingine, hadi mshahara uingie na usikatwe kitu. Siku hiyo ukishalipa yote, jitoe kabisa, mlango wa kutoka upo.

Kuhusu token: tangu 2023 stima ya nyumbani ina bei tatu, ya wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, ya 30 mpaka 100, na ya kupita 100, na wanaangalia wastani wa miezi mitatu iliyopita. Pengine ulileta ile koili ya kuchemsha maji ya kuoga ukaruka daraja. Kuna pia gharama za mafuta ya kuzalisha stima ambazo hubadilika mwezi kwa mwezi. Kwa hivyo kwa daftari usiandike shilingi tu, andika na yuniti.

SWALI: Mimi ni mkulima Lugari, Kakamega. Nyinyi mnaongea mshahara, sisi mshahara hatujui, tunavuna mahindi mara moja. Mwaka jana nilipata gunia 14, nikauza 10 kulipa karo na deni la mbolea, na mwezi wa pili nikaanza kununua mahindi ya gorogoro, lile kopo la kupimia, sokoni kwa bei ya juu kuliko niliyouza. Tuko watu saba. Baba wa Lugari.

JIBU: Mzee wangu, bajeti yako iko kwa ghala. Gunia la kilo 90 ni kama gorogoro 40. Watu saba, tuseme gorogoro moja kwa siku. Wewe ulibakisha gunia 4, hizo ni siku 160, kwa hivyo ghala lilikuambia mapema kabisa kwamba karibu mwezi wa pili litakuwa tupu, ni vile tu hakuna mtu aliliuliza. Mwaka mzima unataka gunia 9 na kidogo. Zilizobaki nne na kitu ndizo za kuuza. Najua hiyo haitoshi karo, na sitakudanganya kwamba inatosha, lakini sasa unajua pengo lako ni gunia kama tano, na pengo lenye ukubwa unaojulikana unaweza kulitafutia kuku, maharage ya msimu mfupi, ama kwenda kuongea na shule kuhusu kulipa polepole kabla ya muhula, si baada ya mtoto kurudishwa nyumbani. Ukishakausha, pima hizo 9 uzipange nyuma, chukua chaki uandike kwa kila gunia mwezi wake. Broka akikuja mwoneshe tu za mbele.

SWALI: Anti, nimeanza daftari wiki ya tatu sasa na inasaidia. Lakini kuna 500 namtumia mamangu Siaya kila mwezi, mume wangu hajui na si eti atakataa, ni vile tu sitaki maswali. Niiandike? Nyar Alego, Kisumu.

JIBU: Iandike, la sivyo daftari yako itakosa 500 kila mwezi na utaanza kujishuku mwenyewe. Lakini ongea na mume mkubaliane kila mmoja awe na kiasi chake, sema elfu moja wewe, elfu moja yeye, inaandikwa "yangu" na "yako" na hakuna kuulizana imeenda wapi. Yake pengine itaenda kwa mpira. Yako iende Siaya.