Ukishinda Jumamosi, Soma Kitabu Kabla ya Jumapili

Wikiendi iliyopita klabu yetu ya kriketi hapa Dodoma ilicheza mechi tatu. Wanaume walishinda Jumamosi, wasichana wakashinda Jumapili asubuhi bila jasho, na mchana wanaume wale wale wakafungwa na wageni kutoka Morogoro. Kwenye kundi la WhatsApp sababu zilishatajwa zote kabla hata mkeka wa pichi, ule ukanda wa katikati mpira unaporushwa, haujakunjwa: mwamuzi, jua, fulani alichelewa kulala. Mimi ndiye ninayeandika kitabu cha alama, na kitabu kinasema mengine.

Wageni walipata mikimbio, yaani alama, 143, sisi tukaishia 132. Katika hiyo 143 yao, 21 ilitokana na waidi. Kwa asiyeujua mchezo: mpira ukirushwa mbali kiasi kwamba mpigaji hawezi kuufikia, mwamuzi ananyoosha mikono yote miwili, wapinzani wanaandikiwa mkimbio mmoja, na mpira wenyewe hauhesabiwi katika mipira sita ya ova. Unarudiwa. Yaani unatozwa faini, halafu unampa mtu nafasi nyingine ya kukupiga. Waidi 21 ni ova tatu na nusu tulizowagawia wageni bure, kwenye mechi ya ova 20.

Sasa fungua ukurasa wa Jumamosi. Tulishinda kwa mikimbio tisa, tukapiga picha, tukaenda kula chipsi kuku. Waidi zetu siku ile zilikuwa 17 na hakuna aliyeuliza. Kilichotuokoa ni wapinzani kukimbia ovyo: wawili wao walijikuta wamesimama upande mmoja wa pichi wakitazamana, huku mlinda wiketi wetu, yule anayesimama nyuma ya vijiti ambavyo mpigaji huvilinda, akitembea taratibu kwenda kuangusha vijiti vya upande wa pili, na mmoja akatolewa. Ugonjwa tulikuwa nao tayari, homa tu ndiyo haikuwa imepanda.

Kwa hiyo, kama klabu yenu ni changa na mna nafasi ya kushika ushauri mmoja tu, shikeni huu: kitabu kisomwe jioni ya ushindi. Mkifungwa mtakisoma tu, hasira zitawasukuma. Na msiishie kwenye jumla. Angalieni kila ova ilirushwa kutoka upande gani. Vitabu vingi havina nafasi ya kuandika hilo, mimi naweka herufi ndogo pembeni kwa penseli, na ni herufi hizo zilizonionyesha kwamba sehemu kubwa ya waidi zetu ilitoka upande wa mashariki, kwa vijana wetu wa kasi.

Anayekaa Dodoma ameshajua ninakoelekea. Kiangazi hiki upepo wa mchana unavuma kutoka mashariki na vumbi lake, na kijana mwenye mbio akiusikia mgongoni anajiona ndege. Anaongeza hatua, anaachia mpira akiwa amejipinda, nao unapita nyuma ya miguu ya mpigaji. Wasichana asubuhi walirusha kutoka upande ule ule wakatoa waidi nne tu. Kweli, upepo ulikuwa bado haujaamka. Lakini pia hawakuwa wakitaka kuvunja vijiti kwa kila mpira. (Niliposema hivi mbele ya wakongwe wetu, mmoja aliondoka kwenda kutafuta maji na hakurudi.)

Dawa yake haina gharama. Wa kasi wapunguze hatua za kukimbilia wanapopewa upepo. Anayezungusha mpira polepole apewe upande wa kukabiliana na upepo, kwa sababu mpira wake utachelewa hewani na mpigaji atabaki anakisia. Mazoezini, weka kopo la rangi mahali mpira unapotakiwa kudunda, kila mtu arushe mipira sita, na akitoa waidi aanze upya kuhesabu. Fanyeni zoezi hilo saa tisa alasiri. Mkilifanya asubuhi palipotulia mnajidanganya.

Kuhusu mkeka nitasema kidogo tu. Pichi ina urefu wa mita 20.12, na mkeka ukilegea popote kwenye urefu huo mpira unaruka usikotarajia. Uvuteni na kugongelea misumari upya kila timu zinapobadilishana zamu.

Jambo gumu ni yule kijana. Aliyetoa waidi nyingi Jumapili ana miaka 17, na nahodha alitaka kumweka nje mechi ijayo. Mimi napinga. Jumamosi alitoa karibu idadi hiyo hiyo akapigwa mabegani kwa pongezi, sasa leo ataelewaje kosa lake ni lipi? Kaa naye siku mbili tatu baadaye, mkiwa wawili, mwonyeshe kurasa zote mbili. Akikata tamaa, mpe historia: mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, iliyojumuisha Watanzania, ilikwenda kwenye Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza ikafungwa mechi zote tatu. Na vijana wetu wa kiume wa chini ya miaka 19 wakaja kufuzu Kombe la Dunia la kriketi la umri wao la 2026, mara ya kwanza kwa timu hiyo. Huyu wetu bado ana muda.

La mwisho linanihusu mwenyewe, naliomba kwa niaba ya waandika alama wote. Tuwekeeni meza kivulini, mtu wa pili wa kuhakiki hesabu kila ova inapoisha, na vibanio viwili vya nguo. Kwa upepo huu, bila vibanio, ukurasa unajifungua wenyewe na ova ya sita inaandikwa kwenye mechi ya mwezi uliopita.