Lusani inayonyauka mvua ikiwepo

Ndugu wa Kiruhura, usinunue dawa ya kunyunyizia kwanza. Umesema lusani (alfalfa), majani yako ya kulisha mifugo, inanyauka shina moja hapa, jingine pale, na mvua ipo. Chukua jembe, ng'oa mche mmoja unaoanza kulegea, si ule uliokauka kabisa, upasue mzizi kwa kisu kwa urefu. Ukiona michirizi ya rangi ya kahawia-nyekundu katikati huku ganda la nje likiwa zima, huo ni mnyauko wa fuzari. Kuvu wake huingia kupitia mizizi na kuziba mirija ya maji, ndiyo maana mche unakufa kiu kwenye udongo wenye unyevu. Mara nyingi huanza upande mmoja tu wa mche.

Mzizi ukiwa umeoza kwa nje na kipande hicho cha shamba kinatuama maji, hilo ni jambo lingine: chimba mfereji.

Dawa ya majani haifiki huko ndani, na mche uliokwisha kushikwa haponi. Ng'oa uchome. Usitupe zizini, samadi itarudisha ugonjwa shambani, kwa sababu kuvu hukaa udongoni miaka mingi. Jembe nalo lioshwe kabla ya kuhamia kipande kingine. Hapo panda mabingobingo au mahindi kwa misimu kadhaa. Ukirudia lusani, tafuta mbegu ya aina inayostahimili fuzari, na ukague vinundu vya minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni, kwenye mizizi. Vidonda vyao humfungulia kuvu mlango.