Niliambiwa nina kichaa, kumbe inaweza kuwa usonji?

SWALI: Shikamoo dada. Mi kijana wa miaka 31 naishi Nkuhungu hapa Dodoma, fundi redio na simu. Miaka 3 iliyopita kelele za sokoni zilinizidi nikajifungia ndani wiki nzima sitaki kuongea na mtu, ndugu wakanipeleka hospitali moja, daktari akaniuliza unasikia sauti za watu usiowaona? Nikasema ndio, maana kweli nje ya dirisha kulikuwa na watu wanaongea na nilikuwa siwaoni. Hapo hapo nikaanzishiwa dawa za kichaa, mpaka leo nameza, mikono inatetemeka hata kulehemu waya mdogo siwezi. Sasa mtoto wa dada angu kakutwa na usonji (autism), ile hali ya mtu kuona tabu kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, mama anasema huyu ni wewe mtupu ulivyokuwa mdogo. Je mtu mzima anapimwa usonji? Na hizi dawa niache?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo jibu lako la dirishani limenikaa kichwani tangu jana. Hukudanganya, umejibu swali kama lilivyoulizwa, na watu wengi wenye usonji ndivyo walivyo, neno wanalichukua lilivyo. Daktari alitakiwa akuulize tena, hao watu wako wapi, wanasema nini, na ndugu yako aliyekaa hapo pembeni je, anawasikia?

Ndio, mtu mzima anapimwa. Usonji mtu anazaliwa nao, kugundulika ndo kunaweza kuchelewa hata miaka 50. Na usonji kuchanganywa na skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini vitu visivyokuwepo ambao mtaani wanauita kichaa, hujaanza wewe, zamani hata madaktari wenyewe walivihesabu pamoja, mpaka mwaka 1980 ndio mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukautenga usonji rasmi. Skizofrenia mara nyingi inaanza ujanani, mtu alikuwa vizuri tu alafu anabadilika, ila usonji dalili zipo toka utotoni, na hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuuonyesha, kwahiyo anachokumbuka mama yako ndo kina uzito kuliko mashine. Ila mtu anaweza kuwa na vyote viwili, mi sikupimi kwa barua.

Dawa USIACHE GHAFLA, nakuomba sana. Unaweza kukosa usingizi na kuzidiwa vibaya, na kama kweli ulikuwa na ugonjwa unarudi. Kutetemeka ni athari inayojulikana ya dawa nyingi za aina hiyo, mwambie daktari, dozi inapunguzwa taratibu au dawa inabadilishwa, na kumwambia kazi yangu ni ya mikono sio kumsumbua, ni haki yako.

Omba kuonana na daktari bingwa wa afya ya akili. Hapa Dodoma tunayo hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, ipo toka 1927, najua jina lake watu wanaliogopa mtaani ila kliniki unaenda asubuhi unarudi kwako. Nenda na mama, aeleze ulianza kuongea lini, ulicheza na nani, kelele gani zilikuliza. Na kwenye karatasi andika kabisa umpe daktari kabla hajaanza: "Mimi najibu swali neno kwa neno, tafadhali nifafanulie unachouliza."